Harufu ya Jik Si Kipimo

Kila mlipuko ukipita Uganda huacha ndoo. Korona ya 2020 iliziacha, na Ebola ya aina ya Sudan iliyotangazwa Mubende Septemba 2022, ikatangazwa kwisha Januari 11, 2023, ikaziongeza. Mpaka leo baadhi ya milango ya benki, shule, makanisa na ofisi za wilaya ina ndoo yenye bomba juu ya kigoda cha chuma. Mlinzi huijaza asubuhi, akamiminia Jik, ile dawa ya maji yenye klorini, kwa kukadiria, akainusa. Ikimkereketa pua ameridhika. Anayepita naye husikia harufu hiyo, akalowesha vidole, akajipangusa kwenye suruali na kuingia ndani akiamini amekingwa.

Dawa za kuua vijidudu nchini zipo. Zipo madukani, zipo bohari, na zipo katika vituo vya afya. Vinavyokosekana ni vitu vitatu visivyofungwa ndani ya chupa: kipimo, kuondoa uchafu kabla ya kumwaga dawa, na muda wa dawa kukaa mahali pake. Ukikosa kimoja, viwili vilivyobaki haviokoi kitu. Fedha za kinga zinaendelea kununua chupa, na ukaguzi unaendelea kuhesabu chupa, kana kwamba chupa ndiyo inayoua.

Tuanze na pua, maana ndiyo inayotudanganya kwanza. Klorini safi iliyochanganywa vizuri ina harufu, lakini ile inayochoma macho chooni au kwenye bwawa la kuogelea mara nyingi ni ya kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na mkojo, jasho na uchafu wa ngozi ikafungwa nao. Nguvu ya klorini hiyo imepungua sana. Kwa hiyo choo kinachonuka dawa kupita kiasi huenda kinatuambia kwamba dawa imeliwa na uchafu na kazi bado iko palepale.

Wakati mmoja pua ilisaidia kweli. Mwaka 1847, hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wao waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwapima wazazi, yaani akina mama wa kujifungua. Nadharia ya vijidudu ilikuwa haijakubalika. Aliichagua klorini kwa kuwa iliondoa harufu ya maiti kwenye vidole vilivyotoka chumba cha upasuaji wa maiti. Vifo vya wazazi katika wadi yake, vilivyozidi 11 kwa kila 100 mwaka 1846, vilishuka hadi 1 na kitu mwaka 1848. Lakini Semmelweis alinusa kujua kama uchafu umeondoka. Sisi tunanusa kujua kama dawa imeingia, na hilo pua haiwezi kulijibu.

Jibu linatokana na hesabu, nayo ni ya darasa la sita. Soma asilimia ya klorini kwenye lebo, igawanye kwa asilimia unayoitaka, kisha toa 1. Unachopata ni idadi ya sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jik nyingi zinazouzwa hapa zimeandikwa 3.5% au 3.85%. Kwa sakafu, meza, kitanda na damu iliyomwagika tunataka 0.5%: 3.5 kwa 0.5 ni 7, toa 1, ni sehemu 6 za maji kwa sehemu 1 ya Jik. Kwa mikono, pale tu ambapo hakuna sabuni na maji wala spiriti ya mikono, tunataka 0.05%: 3.5 kwa 0.05 ni 70, toa 1, ni sehemu 69 za maji.

Wafagizi na walinzi wengi hawana kopo la maabara, lakini kila soko la Uganda lina tampeko, kile kikombe cha nusu lita cha kupimia maziwa na karanga. Jerikani ya lita 20 ya dawa ya sakafu inataka tampeko 6 za Jik ya 3.5%, kisha maji mpaka zitimie lita 20. Jerikani hiyo hiyo ya mikono inataka mililita 300 tu, yaani chupa moja ya soda ile ya kioo, kisha maji mpaka zitimie lita 20. Tofauti ya majerikani mawili yanayofanana ni mara 10, na kosa la kuyabadilisha ni la kila siku. Dawa ya mikono ikitumika sakafuni, damu inaishinda. Dawa ya sakafu ikitumika mikononi, ngozi ya nesi hukauka, hupasuka, na nyufa hizo huwa makazi mapya ya vijidudu. Baada ya wiki mbili nesi huyo anaikwepa ndoo, na huwezi kumlaumu. Andika kwenye jerikani kwa kalamu ya wino usiofutika: asilimia, saa ya kuchanganywa, jina la aliyechanganya.

Ile ya unga, HTH yenye klorini ya 70%, inapimwa kwa mizani: gramu 7 kwa lita moja kupata 0.5%, gramu 14 kwa jerikani zima la lita 20 kupata 0.05%. Iache ituame, uchukue maji maangavu ya juu, kwa sababu chokaa ya chini huziba bomba na mirija. Hifadhi yake ina hatari ambayo bohari nyingi ndogo hazijaambiwa. Unga huo ukikutana na mafuta, dizeli au gliserini unaweza kuwaka wenyewe, na ukikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Usiuweke chumba kimoja na mafuta ya jenereta. Kwa sababu hiyo hiyo ya gesi, Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hata kama mwenye choo anaona mbili zitang'arisha kuliko moja.

Maji ya kuchanganyia nayo yana neno lake. Maji ya kisima yenye tope au ya ziwa yenye ukijani huila klorini kabla ya mkono haujafika bombani. Yachujwe kwa kitambaa, yaachwe yatuame usiku kucha, ndipo yachanganywe. Ndoo iwe ya plastiki. Ya bati italiwa na klorini, na klorini italiwa na bati.

Halafu kuna uzee. Klorini ya maji huoza taratibu tangu siku ilipotoka kiwandani, na joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kuoza huongezeka kama mara 3. Mwanga huizidishia, ndiyo maana watengenezaji huifunga katika chupa isiyopitisha nuru. Muuzaji anayeimimina katika chupa tupu za maji ya kunywa na kuzipanga juani kando ya barabara anauza kitu ambacho lebo yake haipo na nguvu yake haijulikani, na juu ya hayo anaweka kinywaji cha kuua mtoto katika chupa ambayo mtoto anaifahamu. Mchanganyiko wenyewe nao uhesabiwe kuwa wa siku moja. Kesho unamwagwa hata kama jerikani bado limejaa nusu, na hapo ndipo ubahili unaposhinda. Mtu akiona dawa aliyoinunua inamwagwa, moyo unauma, basi anaongezea kidogo juu ya ya jana, na keshokutwa hakuna anayejua ndani mna nini.

Kupima si jambo la maabara kubwa. Ofisi za maji za wilaya na waangalizi wa visima wana kile kisanduku cha kupimia klorini ya maji ya kunywa kwa vidonge vya DPD namba 1, vinavyoyatia maji rangi penye klorini, kisanduku ambacho husoma miligramu chache kwa lita. Ukitia dawa ya 0.5% moja kwa moja kwenye kisanduku hicho utakosea vibaya, kwa sababu klorini nyingi hiyo huifuta rangi yenyewe na kipimo kikaonyesha kama hakuna kitu. Ipunguze kwanza: mililita 1 ya dawa ya sakafu katika lita 2 za maji yasiyo na klorini, ya mvua kwa mfano. Ukisoma 2.5 dawa yako ni 0.5% kamili. Ukisoma 1, jerikani zima lina 0.2% na umekuwa ukipaka sakafu matumaini. Kwa ndoo ya mikono, mililita 1 katika mililita 200 za maji, na jibu sahihi ni lile lile 2.5. Bomba la sindano la mililita 1 na chupa ya maji vinatosha.

Sasa uchafu, ambao ni shina la makosa yote. Klorini haichagui. Inashambulia protini ya damu, usaha, kinyesi na udongo kwa hamu ile ile inayoshambulia kijidudu, na damu ni nyingi kuliko kijidudu. Ukimwaga dawa juu ya damu iliyoganda, juu panabadilika rangi na chini ya ganda maisha yanaendelea. Damu ikimwagika sakafuni: vaa glavu nzito, kausha kwa kitambaa au karatasi inayofyonza na uitupe kwenye taka za hatari, osha kwa maji na sabuni, suuza, kisha lowesha kwa 0.5% na uache pawe majimaji kwa dakika 10. Penye shaka ya Ebola fanya 15. Pakikauka kabla ya muda, rudia. Wafagizi wetu hupiga deki ya klorini mara moja huku wakirudi nyuma, na kwa jua la Gulu au Soroti sakafu imekauka kabla hawajafika mlangoni. Hapo muda wa dawa ulikuwa dakika 2.

Kupuliza kwa bomba la mgongoni, lile la shambani, ni pambo la televisheni. Matone hayafiki nyuma ya miguu ya kitanda, hayaondoi uchafu, na anayepuliza huvuta mvuke. Kuwapulizia watu ndiyo mbaya zaidi: Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi kumpulizia mtu dawa hata wakati wa Ebola, kwa kuwa ngozi, macho na mapafu ndiyo yanayoumia. Kitambaa kilicholowa na mkono unaosugua vinashinda mashine hiyo.

Wakulima wana tatizo lile lile mlangoni mwa shamba. Ugonjwa wa midomo na kwato ukiingia, beseni la kukanyagia linawekwa getini Kiruhura au Nakasongola, na kufika saa nne asubuhi limejaa matope na samadi. Burashi ya kusugulia viatu na maji ya kuvioshea vitangulie beseni, na ndani yake magadi ya kufulia ya 4%, gramu 40 kwa lita, yanakitesa kirusi cha ugonjwa huo kuliko klorini iliyochoka.

Nirudi hospitalini, kwenye jambo linaloleta ubishi mkali zaidi miongoni mwa wakunga na wasimamizi wao. Kwa miaka mingi wadi za wazazi zimekuwa na ndoo tatu: klorini ya 0.5%, maji ya sabuni, maji safi. Mkasi na koleo zikitoka kwa mama hutumbukizwa kwanza kwenye klorini dakika 10, ndipo zikaoshwa. Mafunzo hayo yalisambaa wakati hofu ya VVU ilipokuwa juu, na hofu ilikuwa ya haki. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji wa vifaa vya tiba haupendekezi tena hatua hiyo ya kwanza. Sababu ni tatu na zote zinaonekana kwa macho. Damu huimaliza klorini, hivyo kabla ya mchana ndoo hiyo imekuwa maji mekundu. Klorini hula chuma cha pua, huacha vishimo vidogo ambamo uchafu hujificha kwenye bawaba ya mkasi. Na mwoshaji, akiamini vifaa vimeshakufa vijidudu, huvua glavu nzito na kuosha kwa mikono mitupu.

Mbadala wake ni rahisi kuusema na mgumu kuusimamia. Kifaa kikitoka kutumika kiingie mara moja kwenye maji ya sabuni au kifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, damu isikauke. Mwoshaji avae glavu nzito za mpira, aproni na miwani. Afungue mkasi, asugue kwa burashi ndani ya maji, chini ya uso wake, ili matone yasiruke usoni. Asuuze, akaushe, ndipo kifaa kiende kwenye mvuke. Anayetetea ndoo ya klorini husema kwamba glavu nzito hazipo na burashi hazipo, na anasema kweli. Lakini glavu nzito na burashi ni vitu vya bei ya chini, na mkasi ulioliwa na klorini unatupwa kabla ya wakati wake. Tukipiga hesabu ya mwaka mzima, ndoo ya kwanza ndiyo ghali. Ibaki kwa sakafu na nyuso za meza.

Mvuke nao una siri ya mahali. Otoklevu, ile sufuria kubwa yenye kifuniko cha skrubu inayokaa juu ya jiko la mkaa au gesi vituoni, inafundishwa kwa namba moja: pauni 15 kwa inchi ya mraba, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, 30 kwa vilivyofungwa kitambaa. Namba hiyo ni ya pwani. Kinachoua ni joto la nyuzi 121, na mshale wa kipimo husoma tofauti tu kati ya mvuke wa ndani na hewa ya nje. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ili kufika nyuzi 121 mshale unapaswa kusimama karibu na pauni 17. Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, unapaswa kufika pauni 18 na zaidi kidogo. Anayesimama kwenye 15 Kabale anapika vifaa kwa joto pungufu na saa haimwambii. Penye kipimo cha joto, fuata hicho. Pasipokuwepo, ongeza pauni nusu kwa kila mita 300 za mwinuko, bila kuvuka mstari mwekundu wa mtengenezaji. Kabla ya kufunga vali, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 hivi ili hewa iliyobaki iondoke. Hewa ikibaki, mshale hupanda bila joto kupanda. Ile tepu inayogeuka michirizi myeusi inathibitisha kwamba furushi limeona joto, haithibitishi kwamba limekaa muda wake.

Kuchemsha kwa maji ya kawaida hakuchukui nafasi ya mvuke huo. Kabale maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na mbegu za pepopunda, yaani bakteria wake waliojifunga ganda sugu, hustahimili hata 100.

Kuna chupa za rangi, zile za klorheksidini na setrimaidi, zinazopendwa kwa kuwa hazichomi wala haziozeshi nguo. Ni dawa nzuri za ngozi, zenye masharti ambayo lebo huyaandika kwa herufi za kusomea kwa darubini. Sabuni ya kawaida huzilemaza, kwa sababu chaji ya sabuni na chaji ya dawa hizo hupingana na kushikana. Anayepaka sabuni akaacha povu, kisha akatia klorheksidini, amefuta kazi yake mwenyewe. Gozi na pamba nazo huifyonza setrimaidi ikabaki kwenye nyuzi. Hazigusi mbegu sugu za bakteria, na kwa kifua kikuu hazitegemewi. La kushangaza zaidi ni kwamba bakteria wa jamii ya Pseudomonas huweza kuishi na kuzaana ndani yake zikiwa zimezimuliwa, hasa katika chupa inayoongezewa juu kila inapopungua. Chupa ya dawa inakuwa kitalu. Ipakuliwe tupu, ioshwe, ikaushwe, ndipo ijazwe upya, na tarehe iandikwe. Lile gudulia la pamba zilizoloweshwa spiriti tangu asubuhi, ambalo vidole vingi vinachovya, lina dosari ya ukoo huo. Pamba iloweshwe wakati wa kuitumia.

Spiriti inatupeleka kwenye waragi, ile pombe kali ya Uganda, maana kuna watu wazima wanaoimwagia kidonda kwa imani kamili. Alkoholi huua vizuri kati ya 60% na 80%. Chini ya hapo nguvu huporomoka. Juu sana, kama 95%, maji hayatoshi kusaidia kuvunja protini za kijidudu, na spiriti huruka kabla ya kumaliza. Waragi ya dukani ya 40% haifiki. Pombe ya ndizi, ambayo chachu yake hufa ikikaribia 15%, haikaribii hata kidogo.

Hapo ndipo habari ya Bunyoro, magharibi mwa Uganda, inapokuwa tamu. Robert Felkin, mmisionari aliyesomea udaktari, alishuhudia mwaka 1879 huko Kahura mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Maelezo yake yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji, akakata haraka, akachoma mishipa inayovuja kwa chuma cha moto, akafunga jeraha kwa vijiti vyembamba vya chuma na kamba za gome, akalipaka dawa ya mizizi. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wakiwa hai. Wengi husimulia habari hii kuonyesha kwamba pombe iliua vijidudu. Kwa asilimia ile sidhani. Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kuosha kabla ya kukata, kukata haraka, chuma kilichopita motoni, na mtu aliyekuwa na utaratibu wa kudumu wa hatua zake. Wakati huo Ulaya madaktari walikuwa bado wanabishana kuhusu Joseph Lister, mpasuaji Mwingereza, na asidi yake ya kaboliki ya kuua vijidudu, aliyoitangaza mwaka 1867.

Ethanoli yenye nguvu tunaitengeneza hapa hapa. Miwa ya Busoga huacha molasi, na kiwanda cha Kakira huigeuza alkoholi. Mwongozo wa WHO wa spiriti ya mikono kwa lita 10 ni huu: ethanoli ya 96% mililita 8,333, haidrojeni peroksidi ya 3% mililita 417, gliserini ya 98% mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10. Peroksidi imo kwa ajili ya mbegu za bakteria zilizomo ndani ya mchanganyiko wenyewe, haimo kwa ajili ya mikono, na ndiyo sababu chupa huwekwa kando saa 72 kabla ya kutolewa. Gliserini inalinda ngozi. Ukiizidisha mikono inanata na watumishi wanaikataa. Chumba cha kuchanganyia kisiwe na moto wala sigiri, kwani mvuke wa ethanoli huwaka hata chumba kikiwa na ubaridi. Mkononi inataka kujaza kiganja na kusugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Mikono yenye matope au damu ioshwe kwa sabuni, maana spiriti haipenyi uchafu. Anayenunua dukani atafute alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na asilimia isiyopungua 60. Isiyoandika asilimia irudishwe rafuni.

Kwenye ngozi iliyopasuka hesabu inageuka. Dawa inayoua kijidudu kwa ukali huua pia seli changa zinazofunga jeraha, hivyo Jik haiingii kidondani, na peroksidi inayotoa povu la kuvutia haistahili kumiminwa kila siku. Maji safi mengi na sabuni hufanya zaidi ya nusu ya kazi. Aliyeng'atwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa kutazama saa, apakwe iodini, kisha apelekwe kituoni siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kuosha si mbadala wa sindano. Kitovu cha mtoto aliyezaliwa nyumbani, badala ya jivu au majani yaliyosagwa, kina jeli ya klorheksidini ya 7.1%, ambayo inapakwa kitovuni peke yake. Imewahi kudhaniwa kuwa dawa ya macho na kuwajeruhi watoto, kwa hiyo isikae karibu na tyubu ya dawa ya macho.

Mwisho ni fedha. Jik ya 3.5% kwa sehemu kubwa ni maji, na lori linaloipeleka Kaabong au Kisoro linalipiwa dizeli kubeba maji yanayooza njiani. Kwa vituo vya mbali vidonge vya klorini vikavu vina maana zaidi. Hukaa miaka bila kupoteza nguvu vikiwa vimefungwa, na kidonge cha gramu 1.67 kinachotoa gramu 1 ya klorini hakihitaji hesabu ndefu: 5 kwa lita moja ni 0.5%, 1 kwa lita 2 ni 0.05%. Jik ya maji ibaki kwa miji iliyo karibu na kiwanda. Fomu ya ukaguzi inayouliza kama dawa ipo au haipo ibadilishwe: mkaguzi aombe kuona saa ya kuchanganya iliyoandikwa, achukue mililita 1, apime mbele ya msimamizi, na aandike namba aliyoisoma. Na zabuni ya wilaya iandike klorini isiyopungua 3.5% siku ya kupokelewa, iliyotengenezwa ndani ya miezi 3, katika chupa isiyopitisha mwanga. Chupa moja ifunguliwe na kupimwa kabla ya stakabadhi kusainiwa, na ikishindwa, mzigo wote urudi na gari lile lile lililouleta.